Kupanda Bustani Babeli

Yeremia 29:11 ni aya yenye kazi nyingi nchini kwetu. Utaikuta kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kadi za mahafali, kwenye keki za kipaimara, na kwenye simu za vijana waliomaliza chuo na bado hawajapata pa kujishikiza. Kila anayeibandika ana maana ileile: Mungu ananiwazia mema, kwa hiyo mambo yangu yatanyooka, na yatanyooka hivi karibuni.

Sina ugomvi na aya hiyo. Shida ni kwamba tumeinyofoa kwenye barua. Iliandikwa Yerusalemu, ikapelekwa Babeli na Elasa na Gemaria, wajumbe ambao mfalme Sedekia aliwatuma kwa Nebukadreza. Walioandikiwa ni watu waliochukuliwa mateka mwaka 597 kabla ya Kristo: mfalme kijana Yekonia na mama yake, wakuu wa Yuda, mafundi, wafua chuma. Watu wa mjini hao, waliozoea kwao, sasa wamekaa ugenini na mizigo bado haijafunguliwa kwa sababu wanaamini watarudi wakati wowote.

Tena walikuwa na nabii wa kuwaunga mkono. Soma sura iliyotangulia. Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwa jina la Bwana kwamba mambo yataisha ndani ya miaka miwili, kisha anaiondoa nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Jiweke pale. Una kaka Babeli. Mmoja anakupa tarehe, anaitaja kwa sauti kuu, na kitendo umekiona kwa macho. Mwingine anasema miaka sabini. Mkutano wa nani ungejaa Jumapili iliyofuata?

Barua ya Yeremia ilifika na habari ambayo hakuna aliyeiombea. Mtu mzima aliyeisikiliza alielewa kwamba safari ya kurudi ni ya wanawe au wajukuu. Yeye alipewa kazi: ajenge nyumba akae, apande bustani ale matunda yake, aoe na kuozesha, auombee amani mji wa watu waliomteka. Baada ya maagizo hayo ndipo inapokuja ile aya ya kwenye daladala. Koreshi alipowaruhusu Wayahudi kurudi, mnamo 538 kabla ya Kristo, wengi waliosikiliza barua siku ile walikuwa wameshazikwa Babeli, wengine, naamini, karibu na miti waliyoipanda wenyewe.

Ninaanzia huko kwa sababu wengi wanaoniletea swali la mapenzi ya Mungu wanaomba kitu alichokitoa Hanania. Wanataka kujua. Nitaolewa lini? Ajira itatoka? Mtoto atapona? Biashara hii italipa? Lakini kuongozwa na kujua ni mambo mawili. Mungu wa Biblia, mara nyingi kuliko tunavyopenda, humpa mtu kazi ya leo na kumnyima picha ya kesho. Anayeifanya kazi ile ndiye anayemtumaini, hata kama moyo unamwenda mbio.

Sasa tuje kwenye maisha yetu. Binti mmoja wa kwaya alinifuata baada ya ibada ya pili, akanisubiri hadi watu wakapungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila nina jambo."

Alikuwa amepata kazi za ndani Uarabuni. Wakala alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Alikuwa amefunga na kuomba. Kwenye mkesha, mama mmoja anayeonyeshwa mambo alimshika kichwa akamwambia anaona ndege, anaona bahari, mlango umefunguka. Alipofika nyumbani, mama yake mzazi akamsimulia ndoto: amemwona analia kisimani. Jumbe mbili, kila moja imekuja kwa jina la Mungu, na moja inaikanusha nyingine. Alinijia mimi niwe wa tatu, nipige kura ya kuamua.

Nilimuuliza mkataba uko wapi. Akatoa simu, akanionyesha picha ya karatasi moja iliyopigwa kwa pembe. Jina la mwajiri halikuwepo. Mshahara ulikuwa umejazwa kwa kalamu. Sehemu ya chini, ambako kwa kawaida huandikwa saa za kazi na siku za mapumziko, ilikuwa imekatika. Pasipoti? Anayo wakala tangu wiki iliyopita. Wakala amesajiliwa? Hakujua kama kuna pa kuuliza. Nikamwambia serikali ina wakala wake wa huduma za ajira, TaESA, na kwamba aende huko kabla hajaenda uwanja wa ndege. Mtoto atabaki na nani? Na bibi yake. Bibi ana hali gani? Kimya. Na haraka yote hii inatoka wapi? Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotoka: mama alikuwa amekopa VICOBA, marejesho yamepita muda, wanakikundi wameanza kuja nyumbani.

Tukaacha habari ya ndege na bahari, tukaliombea deni. Kisha tukatafuta nani wa kuzungumza na kikundi. Mweka hazina wao alikuwa mtu wa jumuiya ya jirani, anayefikika. Wakakubaliana marejesho madogo ya kila wiki. Pasipoti ilirudi baada ya mjumbe wa mtaa kuingilia. Binti bado anataka kusafiri na sina la kumpinga. Wako waliokwenda wakajenga, wakasomesha wadogo zao. Akienda, aende na mkataba unaosomeka, nakala yake ibaki kwa mama, namba ya ubalozi awe nayo kichwani na si kwenye simu pekee, maana simu huchukuliwa.

Angalia mwanga ulitokea wapi. Ulitokea kwenye karatasi iliyokatika. Watu wengi wa maombi wanaona kuuliza mambo kama hayo ni kupunguza imani, kana kwamba Roho Mtakatifu huja tu pale akili inapokwenda likizo. Lakini kitabu cha Mithali kimo ndani ya Biblia hiyohiyo, na kimejaa dhamana, mizani, mashahidi na washauri. Na kuhusu unabii unaokuja na saa mkononi, ukikusukuma uamue kabla ya Ijumaa: Mungu si dalali wa viwanja, hana mteja mwingine aliyesimama mlangoni. Ukiombwa pia fedha ili ufunuo uendelee, iwe inaitwa sadaka ya mbegu au jina lingine lolote, ondoka. Usibishane, ondoka tu.

Yako mambo ambayo hayana haja ya kufungiwa hata siku moja. Kutumia cheti cha mtu mwingine kuombea kazi. Kuolewa na mume wa mtu aliyekuahidi kwamba talaka iko njiani. Kutoa kitu kidogo ili jina lipande juu. Kumbukumbu la Torati, mwishoni mwa sura ya 29, linatenga mambo ya siri ambayo ni ya Mungu na yaliyofunuliwa ambayo ni yetu tuyatende. Mtu anayeomba mwongozo juu ya jambo lililokwisha kufunuliwa, mara nyingi anatafuta ruhusa. Nimeona maombi ya namna hiyo yakidumu mwaka mzima, na mwombaji akashangaa mbingu zimekuwa shaba.

Halafu kuna amani moyoni. Hili ni jaribio tunalolipenda sana: nikiwa na amani, ni Mungu, nikikosa, siyo. Lakini Yona alilala usingizi wa pono ndani ya merikebu iliyokuwa ikimpeleka mbali na alikotumwa, huku dhoruba inapiga na wapagani ndio wanaoomba. Na Bwana wetu, usiku ule Getsemane, alikuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba yake na alifadhaika kiasi cha kufa. Amani ni tunda zuri, lakini wako watu wenye tabia ya kutulia hata kwenye kosa, na wako wenye hofu ya asili ambao wangesubiri amani hawangeoa wala kuolewa wala kupanda basi. Ijue tabia yako kwanza.

Ishara nazo ni hivyohivyo. Gideoni anatajwa kila mtu anapotaka kuweka manyoya yake ya kondoo nje usiku. Lakini Gideoni alikwisha ambiwa la kufanya, waziwazi, kabla ya manyoya; alichokuwa anakitafuta ni ujasiri. Mungu alimvumilia, na ni faraja kwamba alimvumilia. Haikuwa njia ya kufundishia Sunday school namna ya kuchagua mchumba.

Ukitaka kuona mwongozo unavyofanya kazi kwa watu wanaotembea, soma Matendo 16 polepole. Paulo, Sila na Timotheo wanataka kuhubiri Asia, Roho anawazuia. Wanajaribu kuingia Bithinia, wanazuiwa tena. Luka hasemi walizuiwa kwa njia gani, na kwangu mimi ukimya huo una thamani. Ilikuwa ni unabii? Ugonjwa? Daraja lililovunjika? Hatujui. Tunachojua ni kwamba walipokatazwa upande mmoja hawakukaa chini kungoja radi. Waliendelea hadi wakaishiwa nchi kavu, pale Troa, ufukweni. Ndipo yakaja maono ya mtu wa Makedonia. Na hata hapo hawakumwachia Paulo peke yake aseme nimeota. Luka anaandika kama mtu aliyekuwepo kwamba wao kwa pamoja walifikia uamuzi kuwa Mungu amewaita.

Wakavuka. Je, mambo yalinyooka? Walimtafuta mwanamume wa maono, wakakutana na wanawake wakisali kando ya mto, akiwemo Lidia aliyeuza vitambaa vya zambarau. Jambo jema. Baadaye Paulo na Sila wamechapwa viboko hadharani na wamefungwa miguu kwenye mkatale. Mtu wa siku hizi angesema hapo walikosea njia, si mapenzi ya Mungu, warudi Troa wakaombe upya. Tumejizoesha kusoma taabu kama barua ya kukataliwa. Barabara iliyoagizwa na Mungu inaweza kuwa na mashimo, na lami inaweza kuelekea Tarshishi, alikokimbilia Yona.

Kwa anayekabiliwa na uamuzi sasa hivi, nampendekeza Nehemia. Alisikia habari za kuta za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akaketi, akalia, akafunga. Alisema na mfalme mwezi wa Nisani. Kati ya hapo ni kama miezi minne, na kitabu hakituambii alikuwa anafanya nini zaidi ya kuomba. Lakini sikiliza majibu yake mfalme alipomuuliza anataka nini. Aliomba kwa siri pale pale, kisha akataja muda atakaochukua, akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu mtunza msitu ili apewe miti ya malango. Anajua jina la mtunza msitu! Mtu hajui jina hilo kwa kufunga tu. Alikuwa ameuliza, amepiga hesabu, ameangalia njia. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kukagua ukuta, bila kumwambia mtu. Maombi yake na mipango yake vilikaa chumba kimoja bila kugombana.

Kwa hiyo chukua daftari. Andika swali lako kwa sentensi moja, maana wengi wanaoomba kwa mwaka hawajawahi kulitaja swali lenyewe. Si "Bwana, nifungulie njia," bali "je, niache kazi ya duka nirudi kusoma ualimu, nikiwa na akiba ya ada ya muhula mmoja?" Andika unayoyajua, na pembeni usiyoyajua ambayo mtu fulani anayajua: ada halisi, masharti ya mkopo, maoni ya mwenzi wako. Hayo usimpigie Mungu magoti akuonyeshe, nenda ukaulize. Yatakayobaki baada ya kuuliza, ambayo hakuna binadamu ayajuaye, ndiyo ya kumkabidhi. Utashangaa orodha ilivyofupika, na utaomba kwa nguvu zaidi ukijua unachoomba.

Tafuta watu wawili wanaokupenda na wasioogopa kukukatalia. Mmoja awe amekuzidi umri. Usimchague rafiki ambaye kila wazo lako yeye husema amina. Kisha weka siku. Siku ikifika, na Neno halikukatazi, na washauri hawajakuonyesha shimo, amua, umwambie Mungu umeamua nini, na uende. Yakobo alituonya tusijigambe kwa safari na faida za mwaka ujao pasipo kuongeza Bwana akipenda. Hakusema tusipange safari. Watu wa pwani hawapangi hata kikombe cha kahawa cha kesho bila kusema inshallah, na ni desturi nzuri mradi isigeuke njia ya kukwepa ahadi.

Na ukienda, usiufungue uamuzi upya kila usiku wa manane. Mambo yakibadilika kweli mchana, utaamua mchana.

Huenda mtu akauliza: na nikikosea? Nitajibu kwa habari ya mmisionari Johann Ludwig Krapf. Aliingia Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina, aliyekuwa mjamzito. Julai mwaka huohuo Rosina alifariki, na mtoto mchanga akamfuata baada ya siku chache. Kaburi liko upande wa Nyali hadi leo. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Alikuwa na ndoto kubwa: mnyororo wa vituo vya misheni kuikata Afrika toka bahari ya mashariki hadi ya magharibi. Haikutimia. Yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai mwaka 1846, na walioamini katika miaka yake walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha kuondoka. Ukiipima safari ile kwa ramani aliyokuja nayo, imeshindwa.

Lakini mwaka uleule wa msiba alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akiandika maneno, akiuliza watu wa Mombasa. Kamusi yake ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ile kazi ya mezani, ya kuuliza neno baada ya neno, ndiyo iliyowafaa waliokuja nyuma yake. Simtaji ili kumfanya mtakatifu. Alikuwa na mawazo ya wakati wake, mengine ya kukera. Namtaja kwa sababu alikosea juu ya mnyororo, na kazi aliyokuwa nayo mkononi kila asubuhi haikupotea. Mungu haongozi wasiokosea peke yao. Ingekuwa hivyo, asingekuwa na wa kumwongoza.

Yapo pia mazingira ambayo hakuna cha kuamua. Kinyama kimekatwa, kimepelekwa maabara, umeambiwa rudi baada ya wiki mbili. Hapo ushauri wa daftari hauna kazi kubwa. Andika maswali ya kumuuliza daktari, tafuta wa kukusindikiza siku ya majibu, halafu soma zaburi za malalamiko. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu hadi lini, tena na tena. Ya 88 inaishia gizani kabisa, bila ule mgeuko wa sifa tunaoutarajia, na waliokusanya kitabu waliiacha hivyo. Una ruhusa ya kuomba namna hiyo, na huna wajibu wa kumalizia kila ombi kwa ushindi kwa sababu tu wenzako wanasikiliza.

Na dawa meza. Kwenye Matendo 27 Paulo aliahidiwa na malaika kwamba hakuna hata mmoja wa watu 276 melini atakayepotea. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo, yeye huyohuyo mwenye ahadi alimwambia akida: hawa wasipobaki, hamtaokoka. Askari wakakata kamba. Kisha Paulo akawasihi wale chakula, maana walikuwa na siku kumi na nne bila mlo wa maana. Ahadi ilikuwepo, na mabaharia walihitajika, na mkate pia. Anayekuambia uthibitishe imani kwa kuacha vidonge vya presha hajaisoma sura hiyo hadi mwisho.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaokaa na mtu aliye kwenye giza la namna hii: mzazi, mchungaji, jirani, mwenzake wa jumuiya. Usimwambie kwamba Mungu ana mpango. Anaweza kuwa nao, lakini wewe huujui, na yeye anajua kwamba huujui. Usimwotee ndoto. Muulize siku ya kliniki ni lini na nauli ikoje. Kama ni mwanafunzi aliyekosa mkopo, kaa naye mjaze rufaa pamoja kabla dirisha halijafungwa. Kama ni msiba, usiishie siku ya mazishi na ya kuanua tanga. Nenda wiki ya tatu, wakati turubai limeshashushwa na viti vya kukodi vimerudishwa, ukiwa na unga na mafuta ya kupikia, na uwe na muda wa kukaa bila kuangalia saa.